TULIKOTOKA: HISTORIA FUPI YA MISHENI NA SHULE KATIKA NCHI YETU YA UFIPA

 

Kamati ya maadhimisho ilipokaa kupanga kijitabu hiki cha miaka kumi, tulikubaliana kwamba kisiwe na picha na hesabu za hisa peke yake. Iandikwe pia historia ya misheni na shule, ili watoto wetu wasome wajue tulikotoka. Kazi hiyo ikaletwa kwetu sisi uongozi. Elimu yetu ni ya msingi, lakini tumejitahidi. Waswahili wamesema mwacha asili ni mtumwa.

Huenda mtu akauliza, kikundi cha kuweka na kukopa na historia ya misheni wapi na wapi? Tunamjibu hivi. Hapa Pito wengi wetu tulijifunza kusoma na kuhesabu katika shule ambazo mzizi wake ni misheni. Kikundi chenyewe kilianza baada ya sala ya jumuiya, akina mama wachache wakibaki nyuma kuulizana nani amepata mbolea na nani hajapata. Tena mwaka huu tuna jambo kubwa la kuamua, nalo ni la shule. Tutalieleza mwishoni.

KAREMA, MAHALI PA MWANZO

Habari za Kanisa Katoliki katika Ufipa zinaanzia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, ni shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Kundi lao la kwanza la kuja Afrika Mashariki lilisafiri mwaka 1878. Walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, na waliokuwa wamepangiwa ziwani wakafika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879.

Wakati huo Karema ilikuwa na boma la Wabelgiji, lililojengwa na watu wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885, baada ya wakubwa wa Ulaya kugawana nchi zetu kule Berlin, Wabelgiji walielekeza nguvu zao upande wa Kongo, wakawaachia mapadre boma lile. Basi nyumba iliyojengwa kwa bunduki ikawa nyumba ya sala.

Tusisahau hali ilivyokuwa. Biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu nchi nyingi kuzunguka ziwa. Watu walikamatwa, vijiji vilihama. Mapadre waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawalea pale misheni, na wengine wengi walikimbilia pale kutafuta usalama. Alikuwepo pia Mfaransa mmoja aitwaye Kapteni Joubert, aliyefika mwaka 1886 kuwalinda watu wa misheni dhidi ya wavamizi, na baadaye akavuka kwenda upande wa Kongo ambako aliishi mpaka kufa. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza wa Karema wengi wao walikuwa ni watu walionyang'anywa kwao: watoto wasiojua wazazi wao wako wapi, na wanawake waliotenganishwa na waume zao. Parokia ile ilianza na watu waliopoteza kila kitu.

Mwaka 1891 alikuja Askofu Adolphe Lechaptois, akaongoza Vikarieti ya Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1917. Katika miaka yake misheni zilienea. Kando ya ziwa kulikuwa na Kirando na Kala. Huku juu kwenye uwanda wetu wa baridi zikaja Kate, Mwazye na Chala, na kule bondeni Rukwa ikawepo Zimba. Mpaka leo parokia nyingi za Ufipa ukizifuatilia mama zake utakuta ni mojawapo ya hizo.

DAKTARI ATIMAN NA MAMA AGNES

Mtu mmoja wa Karema lazima tumtaje, maana historia yake inafundisha. Ni Daktari Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na kufanywa mtumwa, akavushwa jangwa, na mapadre wakamkomboa kule Algeria. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista, akakaa hapo akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kazi katika kituo kimoja. Siku hizi mtumishi akipangiwa huku kwetu anaanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua sanduku!

Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Mmoja wa watoto wao akawa padre. Habari za daktari zimeandikwa sana, lakini za mama Agnes ni chache. Alilisha wagonjwa wangapi? Aliamshwa usiku mara ngapi? Hakuna aliyeandika. Sisi akina mama tukisoma hapo tunatikisa kichwa, maana tunajua nyumba ya tabibu inavyokuwa. Ndiyo sababu moja ya kikundi chetu kutunza daftari kila juma na kuandika jina la kila mwanachama aliyefanya kazi, hata ya kuteka maji ya kikao. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtu naye ni hivyo hivyo.

SHULE ILIVYOANZA

Shule ya misheni hapo mwanzo haikuwa na madawati wala kengele. Ilikuwa ni katekista na watu wake, chini ya mti au kwenye kibanda cha nyasi. Kardinali Lavigerie alikuwa ameweka sheria kwamba mtu asibatizwe haraka haraka. Ilitakiwa miaka minne ya kujiandaa. Basi miaka hiyo minne ndiyo iliyozaa shule, maana mtu hawezi kukaa na kitabu miaka yote hiyo asitake kujua kinasema nini. Watu walianza kwa kukariri sala, wakaendelea na herufi, wakaishia kuandika barua.

Wazee wetu hawakukimbilia shule mara moja, na walikuwa na sababu zao. Ufipa ilikuwa na utaratibu wake kabla ya misheni. Kulikuwa na wafalme wa Nkansi na Lyangalile. Kulikuwa na mafundi wa kuyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo. Watoto wakikua hawakulala tena nyumba moja na wazazi wao, walikuwa na nyumba yao ya rika, wasichana kwao na wavulana kwao, na humo walifundishana kazi na adabu. Kwa hiyo padre aliposema tuletee watoto walale misheni wasome, wazazi walielewa jambo hilo kwa namna yao, kwamba mtoto anakwenda kulelewa na wakubwa wengine. Lakini pia waliona mikono ya kazi inaondoka shambani. Ndege wa ulezi atafukuzwa na nani? Swali hilo tunalisikia mpaka leo msimu wa kulima ukifika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokuwa wameshika nchi, serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti ya walimu na masomo. Zile shule ndogo za katekisimu vijijini hazikupata kitu, ziliendeshwa na nguvu za waamini. Matofali ya udongo, nyasi za kuezeka, kuni za mwalimu, unga wake, vyote vilitoka kwa watu. Na katika Ufipa anayebeba nyasi, maji na kuni ni nani? Msomaji anajua. Katika majengo mengi ya zamani utaona limeandikwa jina la padre aliyesimamia na mwaka. Hayo ni haki yake. Lakini vichwa vilivyobeba havikuandikwa.

WASICHANA NA MASISTA

Kuhusu wasichana tuseme ukweli wote. Misheni iliwafungulia mlango, lakini ulikuwa mlango mwembamba. Masista Weupe walipofika Karema miaka ya 1890 walifundisha wasichana dini, kusoma, kushona, usafi na malezi. Nia kubwa ilikuwa wapatikane wake wema wa Wakristo na wa makatekista. Mvulana mwenye akili aliweza kupelekwa seminari na kusoma masomo ya juu. Msichana mwenye akili kama huyo alirudi nyumbani kuolewa.

Njia moja iliyompeleka mbali zaidi ilikuwa usista. Askofu Lechaptois alianzisha Karema shirika la masista Waafrika, Masista wa Bikira Maria Malkia wa Afrika, mwanzoni mwa karne ya 20. Leo tunawaona masista hao shuleni na zahanati tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule halikuwa la kawaida hata kidogo. Binti kukataa kuolewa ilikuwa ni kuwanyima wazazi mahari na wajukuu, na ukoo mzima ulihoji. Wasichana wale wa kwanza walisimama imara mbele ya baba zao na wajomba zao. Halafu wakawa walimu, wauguzi na wasimamizi wa nyumba zao wenyewe, wakishika hela na kutoa hesabu bila mwanamume kuwasimamia mezani. Mkituuliza sisi, hilo ndilo lilikuwa somo kubwa kwa mwanamke wa Ufipa, kuona mwanamke mwenzake anashika ufunguo wa stoo na hakuna kilichopotea.

KUTOKA KAREMA HADI SUMBAWANGA

Miaka ilikwenda. Mwaka 1946 vikarieti iligawanywa, Kigoma ikajitegemea na huku kukaitwa Karema. Mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Mwaka 1958 Mhashamu Karoli Msakila akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jimbo hili, naye akaliongoza mpaka mwaka 1994. Fikirini, mwaka 1958 Tanganyika ilikuwa bado haijapata Uhuru, lakini kiti cha askofu kilikuwa tayari kimeshikwa na mtoto wa Afrika.

Mwaka 1969 jimbo likabadilishwa jina, likawa Jimbo la Sumbawanga. Mji huu, ambao watu husema jina lake maana yake ni tupa uchawi, ukawa pia makao ya Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974. Mwaka 2000 likamegwa Jimbo la Mpanda, na Karema yenyewe leo iko upande huo, katika Mkoa wa Katavi. Baada ya Askofu Msakila alikuja Askofu Damian Kyaruzi mwaka 1997, na tangu mwaka 2018 tunaye Askofu Beatus Urassa. Basi mama yetu Karema sasa ni jirani. Lakini mama ni mama hata akihamia kwa mtoto mwingine.

SHULE ZAKABIDHIWA SERIKALI

Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya elimu, na kuanzia mwaka 1970 shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Wako wazee walioumia. Walisema tumebeba mawe sisi, leo wanachukua wengine. Wako waliofurahi, maana sasa mtoto wa Mwislamu na wa Mmoravian na yule asiye na dini aliingia darasani bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Shule ya kanisa ilikuwa na wenyewe, ukuta ukipasuka watu wanajua wa kuziba ni wao. Shule ya wote ilifungua mlango kwa wote, lakini wengi tukaanza kusema ukuta ni wa serikali, tuusubirie serikali.

Halafu likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote kufikia mwaka 1977. Sisi tuliozaliwa miaka ile ya sabini tumesoma kwa sababu ya hayo. Tulikaa chini, tulishirikiana kitabu kimoja watoto wanne watano, lakini tulisoma. Mama zetu nao, ambao walikuwa hawajui hata A, walikwenda kisomo cha watu wazima jioni na mtoto mgongoni. Katika kikundi chetu wapo waliojifunza kuandika jina lao kutoka kwa mama aliyejifunza kule kwenye kisomo.

Lakini wengi wetu tuliishia darasa la saba. Shule za sekondari zilikuwa chache mno, na nafasi zilizokuwepo tulizisikia kwenye redio. Mkiona mwenyekiti anaandika kwa taabu, sababu ni hiyo.

JUMUIYA, WAWATA NA SANDUKU LETU

Mwaka 1972 ilianzishwa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi wakaazimia kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa kazi ya Kanisa. Hapo Kanisa likatoka kwenye jengo la misheni likaja sebuleni kwetu. Nyumba kumi na kitu, kila juma, kwa zamu. Mgonjwa anajulikana, mwenye njaa anajulikana, mtoto aliyeacha shule anajulikana.

Sanduku letu limezaliwa humo, kama tulivyosema. Tulianza akina mama wachache, hisa moja shilingi elfu moja. Sasa tuna wanachama wa madhehebu yote na dini zote, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Tumekopeshana hela za mbegu, za mbolea, za kununua maharage wakati wa mavuno na kuyauza bei ikipanda, za cherehani na za kupeleka wagonjwa hospitali. Hayo yote yameelezwa kwenye taarifa ya mweka hazina, hatuna haja ya kuyarudia.

Sisi hapa tunataka kusema juu ya mfuko mmoja tu, mfuko wa elimu. Tangu mwaka wa pili wa kikundi kila mwanachama ametoa kidogo kila juma pembeni ya hisa. Watu husema siku hizi elimu ni bure. Ni kweli, ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tunashukuru sana. Lakini sare hazikufutwa. Godoro la bweni, nauli, daftari, taulo za kike, chakula, hivyo havikufutwa. Kuna watoto wamefaulu wakakaa nyumbani kwa kukosa viatu na sanduku.

Na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Jambo hilo lilitugusa. Binti mmoja wa mwanachama wetu, jina lake halihusiki, alirudi kwa hela ya mfuko huu. Bibi alibaki na mtoto, mfuko ukanunua sare mpya maana zile za zamani zilikuwa zimembana. Wapo waliosema tunaharibu maadili. Sisi tuliwajibu kwamba wale wa kwanza wa Karema nao walikuwa watoto ambao watu walishawahesabu kuwa wamepotea. Amemaliza kidato cha nne.

NENO LETU KWA MKUTANO MKUU

Sasa tumefika kwenye lile jambo tulilosema. Katika mkutano mkuu wa mwaka huu kuna hoja mbili. Hoja ya kwanza inasema kwa kuwa tumetimiza miaka kumi, tuvunje sanduku lote na mfuko wa elimu pamoja, kila mtu aondoke na chake. Hoja ya pili inasema tugawane hisa na faida kama kawaida, lakini mfuko wa elimu ubaki na uendelee.

Wenye hoja ya kwanza si watu wabaya. Mbolea imepanda, na wengine hawana tena watoto wa shule, wanaona wanachangia watoto wa wengine. Hayo ni malalamiko ya kweli na tumeyasikiliza katika vikao viwili. Pia wanasema fedha ikikaa bila mwenyewe huliwa. Nalo ni kweli, ndiyo maana tunapendekeza hesabu za mfuko zisomwe kila mwezi mbele ya wote, na si mara moja kwa mwaka kama sasa.

Lakini tunaomba kila mama afikiri juu ya lile tuta la mababu zetu. Mfipa wa zamani hakuchoma nyasi zote. Mvua zikielekea mwisho alizikusanya, akazifukia kwenye tuta la duara, zikaoza humo. Mwaka uliofuata akalitawanya tuta, akapanda ulezi. Aliyepita pale mwaka wa kwanza aliona udongo tu. Angemwambia mwenye shamba kwamba amepoteza nguvu zake bure. Mfuko wa elimu ndio tuta letu. Tukilifukua sasa tutapata nyasi mbichi, tutagawana, na kila mmoja hataona alichopata.

Na tufikiri juu ya wale waliobeba nyasi na maji ya kujengea shule za kwanza. Wengi wao hawakusoma humo. Walikuwa wamezeeka, au walikuwa wanawake, au watoto wao walikuwa wameshakufa. Walibeba hivyo hivyo. Kama wangesema kila mtu abebe za mtoto wake tu, sisi leo tungekuwa tunaweka dole gumba kwenye daftari badala ya kuandika jina.

Sisi uongozi hatulazimishi mtu. Kura itakuwa ya siri, na kila mwanachama, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja, ana kura moja. Uamuzi wowote utakaopita tutaufuata na tutabaki ndugu. Ila tumeona ni wajibu wetu kuyaandika haya ili mtu apige kura akijua alikotoka.

 Waliotangulia mbele ya haki Mungu awapumzishe kwa amani.

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu awabariki wote.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama
Pito, Sumbawanga